Neno Alilorudi Nalo Kipketer

Rongai, 1956

2 Aprili

Mvua ilianza jana, siku ya Pasaka, katikati ya mahubiri. Ilipiga bati mpaka mhubiri akashindwa kujisikia mwenyewe, akatuambia tuimbe. Watu walisimama. Mimi nilisimama nusu. Mgongo umekataa kunyooka tangu Krismasi, na sasa kuna kinundu katikati, chini kidogo ya mabega, ukubwa wa yai. Mke wangu Cheptanui hukikanda kwa samli kila asubuhi na kuniambia kinapungua. Hakipungui. Nina mikono yangu ya kujipapasia.

Nimeanza kuandika kwa sababu shule imefungwa na sina mtu wa kumsahihisha.

5 Aprili

Mvua. Sikutoka.

11 Aprili

Kaka yangu Kipketer amekuja na matope mpaka magotini, akatangaza kwamba Jumanne tunakwenda hospitali ya misheni. Hakuuliza, alitangaza. Alikwenda Burma na jeshi la mfalme, akarudi na koti zito, kovu la shingoni, na Kiswahili ambacho hakuna mtu duniani aliyezaliwa nacho. Tangu hapo anakisema na kila kiumbe. Mimi humwanza kwa lugha yetu ya nyumbani, naye hunirudishia Kiswahili, maana mimi ni mwalimu na hataki nidhani nimempita. Anaendesha trekta la mzungu wa shamba na kupeleka makopo ya maziwa stesheni kila asubuhi. Ng'ombe wenyewe huwaambia "nyuma geuka".

"Mimi tasema na daktari," aliniambia. "Wewe iko mgonjwa. Mgonjwa hapana sema."

"Mgonjwa hasemi," nikamsahihisha.

"Hiyo hiyo. Nyamaza."

Baba alipokufa, huyu ndiye aliyekuwa akipanda msituni kurina asali na kuiuza ili nipate kusoma. Kwa hiyo nilinyamaza.

18 Aprili

Jana tulikwenda. Nimelala tangu tulipofika, sasa nitaandika yote.

Lori la maziwa lilitupeleka mpaka Nakuru, kutoka hapo tukapanda basi hadi misheni. Kila shimo la barabara nilipigwa nalo mgongoni. Nilipigwa picha ya mifupa, kisha daktari, mzungu kijana mwenye masikio mekundu, akakataza nisisimame tena. Wakanilaza kwenye benchi la ukumbini nikitazama dari. Halafu wakaita mwenye mgonjwa. Kipketer akafunga vifungo vyote vya koti lake akaingia.

Daktari husema Kiingereza. Anayemtafsiria ni Dresa Samsoni, msaidizi wake wa kufunga vidonda, mtu wa Rabai, kule pwani, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nilisikia sauti zao nyuma ya mlango lakini maneno hayakunifikia. Hawakukaa sana. Kipketer alitoka akitabasamu, na mimi, kumwona anatabasamu, karibu nilie palepale mbele ya wanawake wenye watoto wachanga.

"Iko TB," alisema. "Nakula mfupa. Mfupa wa mgongo."

"Na dawa?"

"Hii hapa, ya kumeza. Lakini kuna daktari mkubwa Kampala, yeye napasua mgongo, natoa uchafu, nafunga. Yeye iko Kampala mpaka mwisho ya mwezi wa nane, halafu narudi kwao Ulaya. Misheni tatoa tikiti ya treni."

Kampala. Kupasuliwa mgongo. Nilihisi haja ndogo ikinijia. Mwaka juzi karani wa duka la shamba alipelekwa mbali kupasuliwa tumbo, tukaletewa habari zake tu.

"Na nisipokwenda?"

Kipketer aliinama karibu na sikio langu kama anayeniletea zawadi.

"Kama wewe hapana kwenda, wewe tapoa."

"Nitapoa? Alisema hivyo?"

"Dresa mwenyewe nasema. Mimi nasimama mguu sawa, nasikia na masikio yangu mawili."

Huku kwetu mgonjwa hupoa kama uji: joto linatoka, anatulia, anaanza kuomba chakula. Nilimwuliza mara tatu, naye mara tatu akasema neno lile. Nilitaka kumwona daktari nimwulize mwenyewe kwa Kiingereza changu cha darasani, lakini alikuwa ameingia chumba cha kupasulia, na basi la kurudi lilikuwa likipiga honi barabarani. Tukaambiwa turudi baada ya mwezi mmoja. Nitauliza siku hiyo.

Nimeandika haya nikiwa na furaha. Siiamini sana, lakini nimeikaribisha.

19 Aprili

Nimemwambia Cheptanui. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa kama unapoa tu, kwa nini walitaka kukupa tikiti?" Nikamwambia wazungu hupenda kufanya kazi mara mbili.

24 Aprili

Mvua. Kipketer akipita na trekta asubuhi amepaza sauti dirishani, "Kiprugut! Wewe tapoa!" Jerop, binti yangu wa miaka minne, ameishika. Siku nzima ananiambia nitapoa.

8 Mei

Shule imefunguliwa. Madawati mengi ni matupu tangu Wakikuyu wa laini za vibarua wa shamba walipopakiwa malorini na kupelekwa kwao wasikokujua. Jina la Kinyanjui, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, bado limechongwa pale alipokaa. Nafundisha nimekaa. Nimewaambia watoto kwamba mwalimu mzuri hana haja ya kusimama.

11 Mei

Darasa la nne, vitenzi. Lala, laza. Pona, ponya. Poa, poza. Waliimba vizuri, mvua ikiwaitikia. Nikitaka kusahau mwili wangu hunitosha kusikia watoto wakiimba sarufi.

15 Mei

Miguu ni mizito kama nimevaa matope. Lakini kila mtu hapa amevaa matope.

20 Mei

Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi mbele na fimbo yangu, Cheptanui nyuma na Jerop mgongoni. Tulipofika nyumbani akanyoosha mkono kunipa kitu. Kilikuwa kiatu changu cha tairi, cha mguu wa kushoto. Nilikiacha njiani, mbali, karibu na kisima, na nimetembea mguu mtupu juu ya mawe na miiba bila kujua.  Alichota maji akaniosha damu, na mimi niliitazama damu ile kama ya mtu mwingine.

"Kipketer amesema nitapoa," nikamwambia.

"Mtu anayepoa hasahau mguu wake," akasema. "Twende Kampala, Baba Jerop."

Nilimkaripia. Nilimwambia hajui Kiswahili, hajui Kiingereza, hakuwa kule ndani. Yote ni kweli. Akaenda kupalilia mahindi Jumapili, jambo ambalo hafanyi.

26 Mei

Mwezi umepita na zaidi. Hatukwenda misheni. Daraja la mto limechukuliwa na maji, na lori la maziwa linaishia stesheni.

4 Juni

Mvua. Nimeanguka mbele ya darasa. Hawakucheka. Heri wangecheka.

9 Juni

Treni ya Kampala hupita hapa jioni, mlio wake unapanda bonde mpaka kitandani kwangu. Zamani nilikuwa siisikii. Siku hizi nikiisikia nashika ukingo wa kitanda, nikiogopa kama vile imetumwa kunichukua. Ikishapita naona aibu, kisha nafurahi, kisha naona aibu zaidi. Kwa nini mtu aogope hivi? Naogopa kisu. Naogopa kulazwa kifudifudi mbele ya watu wasiojua jina langu, nifunguliwe mahali ambapo sijawahi kupaona mwenyewe. Naogopa kufa mjini ambako hakuna mtu atakayenililia kwa lugha yangu. Na nimepewa neno moja linaloniruhusu nisiende. Nimelikumbatia neno hilo. Hata Cheptanui akilala nalikumbatia.

16 Juni

Fimbo haitoshi tena. Kipketer amenibeba mgongoni kutoka nyumbani hadi shule. Mtu mzima, mwalimu, mgongoni kama mtoto wa kupelekwa kliniki. Koti lake linanuka dizeli na maziwa yaliyoganda. Njiani alikuwa akihesabu kijeshi, kushoto kulia, kushoto kulia, na mimi sina kushoto wala kulia.

"Wewe nzito," alisema. "Hiyo dalili nzuri. Mgonjwa ya kufa iko nyepesi."

17 Juni

Amenibeba kanisani.

18 Juni

Amenibeba shule. Mvua.

22 Juni

Leo nimejikojolea darasani. Sikujua mpaka nilipoona mtoto wa dawati la mbele ameinua miguu yake.

23 Juni

Sikwenda.

30 Juni

Nimewaambia wenye shule watafute mwalimu mwingine. Kipketer amekasirika. Anasema askari hatoi bunduki yake kwa sababu ya homa. Anakuja asubuhi kabla ya maziwa na jioni baada ya maziwa, ananigeuza upande kama mama anavyogeuza mtoto, ananitoa nje, ananifuta. Mtu yule yule ambaye zamani nilimwona kelele tupu. Hajawahi kukunja uso hata siku moja. Na kila anapomaliza husema neno lake, wewe tapoa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Nadhani analiamini kuliko anavyoamini amri kumi za Mungu. Mimi nimeacha kuliamini, lakini sijui kwa nini sijamwambia.

12 Julai

Daraja limetengenezwa. Cheptanui hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe kwa Kipketer akamwambia turudi misheni, la sivyo atanibeba yeye. Kipketer alikubali. Alisema ni vizuri daktari aone nilipofikia.

20 Julai

Tulikwenda jana. Nitaandika tu yale yanayohitajika.

Dresa Samsoni alitukuta ukumbini. Kipketer alikuwa amesimama na mimi nikiwa mgongoni kwake, mikono yangu shingoni, miguu yangu ikining'inia pande zote mbili. Samsoni aliitazama miguu ile.

"Mbona mmechelewa hivi?" alisema. "Ndugu yangu, si nilikwambia waziwazi? Nilikwambia bila kupasuliwa atapooza."

Kipketer akaitikia haraka, kama anayejibu jina lake kwenye gwaride.

"Ndiyo. Wewe nasema. Sisi nangoja tangu mwezi wa nne. Na mpaka leo yeye hapana pooza."

Samsoni alifungua mdomo. Kichwa changu kilikuwa pembeni mwa kichwa cha kaka yangu, shavu langu karibu liguse kovu lake, na nilihisi shingo yake ilivyo na joto, imetulia, ikingoja jibu.

"Dresa," nikasema, "nina kiu. Tafadhali niletee maji."

Alinitazama. Ni mtu mwenye akili. Akaenda kuleta maji.

Atapooza. Herufi mbili tu. Mtu wa pwani alisema miguu itakufa, na kaka yangu, aliyejifunzia Kiswahili vitani, akasikia kwamba ugonjwa utapoa. Alisimama mguu sawa, akalishika neno kwa masikio mawili, akaniletea akitabasamu. Na mimi mwalimu! Mwezi wa tano niliwaimbisha watoto poa na poza. Pooza sikuifikia.

Baadaye daktari alizungumza na mimi mwenyewe, Kipketer akiwa nje. Alisema polepole ili nimwelewe, na alipomaliza Samsoni akarudia. Bado naweza kwenda. Ningekwenda mwezi wa nne, angetarajia nirudi nikitembea. Sasa, huenda miguu ikarudi kidogo, huenda isirudi, huenda nisiamke mezani. Nikikaa nyumbani haitarudi kabisa, na vidonda vya kulala vitanimaliza. Daktari wa Kampala anaondoka mwisho wa Agosti. Aliniuliza, "Unaamua nini?" Nikasema lazima nimwulize kaka yangu.

21 Julai

Kipketer hataki. Amesema yote haya ni haraka ya wazungu. "Kupoa nachukua muda," amesema. "Wao wenyewe nasema. Kwa nini sasa nataka kukukata? Wewe ngoja." Yeye ndiye baba katika nyumba hii. Siwezi kupanda treni bila yeye kunibariki, na siwezi kufika kwenye treni bila mgongo wake. Ili akubali lazima nimwambie neno lile lilikuwa nini.

23 Julai

Mvua imekuwa nyembamba. Mahindi yamenipita urefu, ingawa siku hizi kila kitu kimenipita urefu.

27 Julai

Nimemweleza Cheptanui. Alikaa chini sakafuni.

"Mwambie," alisema.

"Siwezi."

"Ni mtu mzima. Alibeba maiti Burma."

"Hii hataibeba. Kila siku ananibeba mimi. Nikimwambia, kesho asubuhi atakapoinama nipande, atakuwa amebeba nini?"

"Na mimi?" akasema. "Wewe ukifa na adabu zako, mimi nitabeba nini?"

 Sijui kama namhurumia Kipketer au naogopa kisu na nimepata jina zuri la kuita woga wangu. Nimelala na swali hilo siku zote hizi na limenichosha kuliko kinundu. Zamani nilidhani Cheptanui ni mwanamke wa kunyamaza. Ndiye peke yake katika nyumba hii aliyeelewa tangu siku ya kwanza, bila Kiswahili.

5 Agosti

Jumapili. Kipketer alinirudisha kutoka kanisani, akanilaza, kisha hakuondoka. Akakaa kwenye kigoda akichokonoa matope ya kiatu.

"Mimi nauliza neno," alisema.

"Uliza."

"Pooza. Yule dresa, siku ile, nasema pooza. Halafu natazama mguu yako, halafu nakwenda leta maji. Pooza na poa, hii iko ndugu?"

Cheptanui alikuwa mlangoni. Hata kama hajui Kiswahili alilijua swali. Niliwaza: sasa. Sema sasa. Nikamwona alivyokaa, magoti wazi, mikono mikubwa ile iliyokuwa ikinishushia asali, uso wa mtoto aliyeletwa mbele ya ubao.

"Ni ndugu," nikasema. "Tumbo moja. Watu wa pwani huvuta maneno."

Aliinuka kwenye kigoda. Hajawahi kuniita kwa cheo tangu nilipohitimu.

"Asante, Mwalimu," alisema, akatoka.

Nimejifungia njia ya Kampala kwa mkono wangu mwenyewe. Cheptanui hasemi na mimi.

6 Agosti

Kipketer hakuja. Mtu wa zizini alikuja kunigeuza.

7 Agosti

Hakuja. Wanasema alipeleka maziwa stesheni na kukaa huko mpaka jioni akizungumza na karani.

9 Agosti

Hakuja. Kidonda kimeanza kwenye nyonga. Cheptanui amekiona, mimi nimenusa tu. Treni imepita na kwa mara ya kwanza sikuiogopa. Nimeitamani, basi.

13 Agosti

Asubuhi amesimama mlangoni amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa. Macho mekundu. Mkononi ana kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na karatasi ya misheni. Kumbe amekwenda na kurudi peke yake.

"Kesho jioni, Kampala," alisema. "Mimi nakwenda na wewe."

"Ulisema tungoje. Ulisema nitapoa."

"Nyamaza, Kiprugut."

Nilimshukuru Mungu kwamba kaka yangu amebadili mawazo bila kujua neno lile lilikuwa nini. Cheptanui alimshika Kipketer mkono, jambo ambalo mke wa ndugu hafanyi, na Kipketer akamwacha aushike.

14 Agosti

Naandika kwenye benchi la stesheni ya Rongai. Treni imechelewa, reli ina maji huko Menengai. Mvua inanyesha tena, mvua ya mwisho pengine. Cheptanui ametusindikiza, Jerop ameachwa kwa jirani. Hakulia, alinipungia mkono akaniambia nitapoa.

Kabla ya kutoka Kipketer alinywa funda la maziwa akanipulizia kifuani kunibariki, kama baba angefanya. Sisi ni watu wa kanisa na hatufanyi hivyo siku hizi. Maziwa yamekauka kwenye shati, yananukia nyumbani. Sidhani nitarudi. Nikirudi, nitarudi hivi hivi nilivyo. Naandika hili ili nisije nikajidanganya huko mbele.

Karani alitoka na taa yake na karatasi. Alimwangalia Kipketer kama mtu anayemfahamu, kisha akaniangalia mimi nilivyoegemezwa ukutani na blanketi miguuni.

"Lazima niandike kwa ajili ya behewa," alisema. "Mgonjwa ana nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu mimi, haraka, kabla kaka yangu hajasema. Lakini Kipketer alikwisha simama mguu sawa.

"Amepooza," alisema.

Aliitamka polepole, silabi kwa silabi, vizuri kabisa, kama mtu aliyeifanyia mazoezi siku nyingi peke yake juu ya trekta. Hakunitazama. Karani akaandika. Nilitafuta kosa la kumsahihisha na halikuwapo.